Kiganja cha Baba Kwenye Tamasha la Metali

Jumatatu, jioni. Mvua ya masika.

Imenyesha tangu alfajiri na milima haionekani kabisa. Ukisimama Kilakala ukatazama juu, utadhani kuna watu wamekuja kuihamisha Uluguru tukiwa tumelala. Nimefunga kibanda mapema, nimekuja hapa kwenye kompyuta za kukodi nikiwa nimelowa mpaka magoti, na dada wa kaunta ameshanitazama mara mbili kwa sababu ninachapa huku nalia. Na atazame.

Leo Baba ameondoka. Amerudi kwao Kinole, moja kwa moja.

Nilikuwa nimepanga kuandika habari za tamasha la juzi Jumamosi. Wiki nzima niliwaahidi hapa kwamba nitawasimulia kila kitu, gitaa kwa gitaa. Nitasimulia, lakini haitakuwa kama nilivyopanga, maana mchana huu nimeambiwa jambo ambalo limenifanya nijione mjinga wa mwisho. Nataka kuliandika kabla sijaanza kujitetea.

Kwa mgeni aliyepotea njia akafika kwenye ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani sokoni, nina miaka thelathini na minne, na nasikiliza metali. Ndiyo, ile ile ya magitaa yanayokereza kama msumeno na mwimbaji anayenguruma. Ndiyo, mimi ni Mkatoliki. Ndiyo, misa nakwenda. Maswali hayo nilishayajibu, msinichoshe.

Niliipata metali kwenye mtumba. Enzi zile kila kitu kilipokuwa ruksa, mabelo yalianza kumiminika, nami nikaanza kazi ya kupunguza na kushona upya nguo za kafa Ulaya. Siku moja likatoka fulana jeusi, kifuani limeandikwa jina kwa herufi zilizosokotana kama miiba ya uzio. Sikuweza kulisoma. Nikalivaa tu. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha kilimo alipoliona akashika kichwa, akaniuliza kama najua nimevaa nini. Sikujua. Wiki iliyofuata akaniletea kanda aliyonirekodia.

Niliisikiliza kanda ile mara ya kwanza nikadhani redio imeharibika. Mara ya pili nikakaa chini. Mara ya tatu nikahisi kuna mtu duniani mwenye hasira kama zangu, na ameweza kuzipanga zikaenda kwa mstari.

Hasira za nini? Basi hapo ndipo anapoingia Baba.

Baba alikuwa mfumaji. Kiwandani, idara ya mashine za kufumia, tangu mimi sijazaliwa mpaka siku waliyofunga geti. Mliotembelea kiwanda mnajua kelele za chumba kile. Msiotembelea, chukueni mabati ya nyumba nzima, yapigeni kwa nyundo mia kwa mpigo mmoja, saa nane mfululizo. Walikuwa wanajiziba masikio kwa pamba wanayookota sakafuni. Baba aliingia na masikio mazima, akatoka nayo yameshakufa.

Halafu kiwanda kikabinafsishwa, na aliyekinunua akakifunga. Mashine zikatolewa getini vipande vipande, chuma chakavu. Watu walisema mtumba ndio ulioua kitambaa chetu. Na binti yake mfumaji akawa anakula kwa mtumba. Siku nilipoweka cherehani sokoni, Baba hakula. Aliacha tu sahani pale pale ilipokuwa. Hatujalizungumza jambo hilo mpaka leo.

Tulizungumza nini, kwa kweli?

Hili ndilo ungamo langu, nalisema hapa kabla ya kumwambia padri. Niliacha kuongea na baba yangu kwa uvivu. Si kwa ugomvi. Ugomvi ungekuwa na heshima yake. Ilikuwa inachosha kupiga kelele ili asikie "karibu chai", majirani wote wasikie, yeye asisikie. Mama alikuwa na pumzi ya kazi hiyo. Mama alipofariki mwaka jana, mimi nikaanza kumwandikia vikaratasi. "Chai iko mezani." "Nimekwenda sokoni." "Ugali umefunikwa." Vikaratasi vikapungua. Mwishoni nilikuwa naonyesha kwa kidole tu.

Na yeye mwenyewe alishaacha kusema. Mtu asiyesikia sauti yake hajui anapiga kelele kiasi gani. Siku moja kanisani aliuliza jambo kwa sauti ya kiwandani, kanisa zima likageuka, watoto wakacheka. Tangu hapo akafunga mdomo.

Alichobaki nacho ni mikono.

Wafumaji walikuwa na lugha yao ya mikono, kwa sababu mle ndani hata ukipiga yowe hakuna atakayekusikia. Nilipokuwa mdogo Baba alinifundisha ishara tatu, kama mchezo. Ukipitisha kiganja tumboni kana kwamba una kitambi, maana yake msimamizi anakuja. Ukigusa mdomo kwa kifundo cha kidole, ni chai. Na ukifunga vidole viwili vya shahada kama ndoano, ukavivuta mpaka vikaachana, mikono ukiwa umeiinua juu ya kichwa ionekane juu ya mashine, ni uzi umekatika. Nyingine sikujifunza. Alikuwa akizitumia na Mama Tabu, Mnyamwezi mmoja ambaye mashine yake ilipakana na ya Baba miaka yote ile. Sasa anauza karanga karibu na kanisa. Jumapili nyingine, baada ya misa ya pili, alikuwa anakuja kwetu, wanakaa barazani wawili hao, mikono inakwenda mbio, halafu ghafla wote wanacheka. Mimi niko ndani nakuna nazi, sijui wanachekea nini.

Ipo ishara nyingine moja ambayo nilidhani naijua.

Nikiwa napiga kanda zangu nyumbani, Baba alikuwa na tabia ya kuingia. Anaweka mkono wa kushoto juu ya meza yenye redio, anasimama hivyo kidogo, kichwa chini. Halafu anainua mkono wa kulia, kiganja kimetazama chini, usawa wa kifua, anautandaza polepole kwenda pembeni, kama mtu anayelainisha shuka. Mimi nikasoma: basi. Zima. Inatosha.

Nikazima. Kila mara nilizima, na kila mara nilivimba. Nikajisemea, mtu hasikii hata ngurumo, lakini muziki wangu unamkera! Baada ya kuzima, yeye alikuwa anavuta kigoda, anakaa, ananitazama kidogo. Mimi nashika kazi yangu kimya. Kisha anainuka anatoka.

Imekwenda hivyo miaka na miaka.

Sasa kuhusu kuondoka. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kiwanja tunachokaa ni cha ukoo wa mama. Baba pale ni mkwe. Misa ya mwaka ya Mama ilipopita, wajomba walimkalisha kwa heshima zote, wakamwandikia kwenye daftari kwamba hakuna anayemfukuza, akae mpaka mwisho wake. Baba akasoma, akaandika chini yake kwa mwandiko wake wa shule ya misheni: "Aliyenileta hapa amelala. Narudi kwa mama yangu." Kinole ana shamba la ukoo wa mama yake, migomba na mdalasini, na mpwa wake yuko tayari kumtunza.

Wajomba walinitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu kusema kaa, Baba. Kalamu ilikuwa pale pale juu ya daftari.

Sikuishika. Na nitasema ukweli wote: ndani yangu nilifurahi kidogo. Nilifikiri nitapiga redio yangu nitakavyo. Usiku wa siku hiyo sikulala, lakini asubuhi bado sikuandika kitu. Siku zikaanza kwenda, safari ikapangwa kuwa leo Jumatatu, na kila siku nilijiambia nitamwambia kesho.

Jumamosi ikawa siku ya tamasha.

Hili tamasha, jamani, lilikuwa la kwanza la aina yake hapa mjini. Bendi mbili za Dar, moja ya wanafunzi, na mwisho kabisa bendi ya Nairobi ambayo nyimbo zake nazijua mpaka pale mpiga ngoma anapovuta pumzi. Ukumbi walioupata ni ule wa starehe wa kiwanda, ambao siku hizi unakodishwa kwa harusi na mikutano ya injili.

Saa tisa nikavaa fulana langu jeusi, lile lile la kwanza, limeshapauka, na suruali nyeusi. Baba alikuwa sebuleni kwetu anafunga mizigo yake. Akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki kadhaa:

"Nani amekufa?"

Nikachukua karatasi, nikaandika: "Hakuna. Ni muziki. Ukumbi wa kiwanda."

Akasoma. Akakunja karatasi ile vizuri, akaitia mfukoni. Akaingia chumbani, akatoka amevaa koti lake la kazi la buluu, lile lenye namba yake kifuani, vifungo vyote amevifunga mpaka shingoni. Akachukua fimbo. Akasimama mlangoni akiningoja.

Nilikasirika, nisiwafiche. Maisha yangu yote nimeisubiri siku hii, halafu niende na mzee asiyesikia? Lakini huwezi kumwambia baba yako vua koti. Tukaenda.

Getini pale palikuwa na kichekesho. Gari la matangazo lilizunguka mji siku mbili likisema njooni mshuhudie chuma kizito, chuma kutoka Nairobi! Basi pembeni ya vijana waliovaa minyororo wakasimama wanaume watatu na baiskeli zao, wamepakia nondo, rimu za gari na sufuria lililotoboka. Mmoja akaniuliza kwa adabu zote, "Dada, samahani, chuma kinapimwa wapi?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipogeuka nikamwona Baba anaitazama mizigo ile ya chuma na yeye hacheki. Kicheko kikaniishia. Geti lile ndilo lililotoa mashine zao.

Ndani alijua kila kitu kilipo. Alipita moja kwa moja mpaka nguzo ya tatu upande wa kushoto, akaegemea, kana kwamba aliiacha jana. Mimi nikasimama karibu naye, nimenuna, naomba Mungu marafiki zangu wasinione.

Bendi ya kwanza ikapiga.

Kwa wiki nzima niliwaza nitakavyoandika kuhusu mlio ule, na sasa sikumbuki hata wimbo mmoja. Nakumbuka Baba. Ngoma zinazopigwa kwa mguu zilipoanza, aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Akaweka kiganja kwenye nguzo. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Halafu akaiacha fimbo pale pale, akaanza kutembea kuelekea mbele, kwenye spika zile kubwa kuliko kabati, na vijana wakampisha, mmoja akapiga kelele "Mzee, noma!" Akafika, akaiwekea spika moja mikono yote miwili. Mgongo wake ukanyooka. Nilikuwa sijauona mgongo wake umenyooka hivyo tangu nikiwa shule ya msingi.

Nikamfuata nikisema Baba, utaumia, na hapo nikagundua kwamba mimi mwenyewe sijisikii. Mle ndani hakuna aliyesikia chochote. Sote tulikuwa viziwi, isipokuwa yeye ambaye alikuwa na uzoefu.

Akanigeukia. Akanionyesha kwa jicho mshereheshaji, bwana mmoja mnene aliyekuwa akipita na kipaza sauti chake, akapitisha kiganja tumboni. Msimamizi anakuja!

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka. Nikamjibu kwa kifundo cha kidole mdomoni, chai, kwa sababu ndiyo ishara pekee iliyonijia, na yeye akacheka, meno yake yote machache nje. Tukasimama pale, nguo nyeusi na koti la buluu, tunaongea. Sijui kama ni maongezi. Lakini kwa mwaka mzima hatukuwa tumesemezana mengi kuliko hayo.

Nikajiambia, sasa hivi. Mwambie asiondoke. Nikaanza kuitafuta ishara ya "kaa", na sikuwa nayo.

Bendi ya tatu ikawa inamaliza. Nyuma ya pazia niliona wanaingiza ngoma za wale wa Nairobi. Ndipo Baba akainua mkono wake wa kulia, kiganja chini, usawa wa kifua. Akautandaza polepole kwenda pembeni.

Basi. Inatosha.

Nilijifanya sijaona. Naandika hili kwa aibu. Nikatazama jukwaa. Akaufanya tena. Mara ya tatu akangoja mpaka nimtazame usoni, ndipo akautandaza, polepole zaidi, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nikasema, mzee ameumia, masikio yanamuuma, amechoka. Nikamshika kiwiko, nikaokota fimbo yake pale nguzoni, nikamtoa nje.

Alinitazama kwa mshangao. Niliuona mshangao ule. Nikadhani ni uchovu.

Hakupinga. Alinifuata kama alivyozoea kunifuata siku hizi, kama mzigo unaofuata wenyewe. Tulipofika barabarani bendi ya Nairobi ikaanza nyuma yetu, wimbo wa kwanza ule ule nilioungojea, na nikatembea nao mgongoni mpaka ukafifia. Nililia kwa hasira njia nzima. Sikumgeukia hata mara moja. Jumapili sikumsemesha kwa mkono wala kwa karatasi. Nilimwekea chakula, nikaenda kulala mapema.

Leo alfajiri nikamsindikiza kwenye lori la ndizi linalorudi tupu Kinole. Mvua ilikuwa ndiyo inaanza. Dereva alimpa nafasi mbele, dirishani. Nilimpa mkono, nikasema shikamoo ambayo hakuisikia, akaniwekea kiganja kichwani kama nilipokuwa mtoto. Akapanda. Kioo kikiwa wazi nusu, akanitazama, akainua mkono wa kulia. Kiganja chini. Akautandaza.

Nikasema sawa, Baba. Inatosha. Niende zangu kazini, nisilowe.

Nikageuka nikaondoka kabla lori halijawashwa.

Mchana Mama Tabu akaja kibandani na ungo wake kichwani, amefunikia nailoni. Yeye huongea kwa sauti kubwa mpaka leo, ndivyo walivyo wote waliotoka mle.

"Yuko wapi yule Mluguru? Nimesikia anatoroka bila kuniaga mtani wake!"

Nikamwambia ameshaondoka, tangu alfajiri. Akaweka ungo chini. Akanikaripia sawasawa: kwa nini sikumzuia, binti gani mimi, hata Wanyamwezi na kutembea kwao kote hawaachi baba aende na mvua. Nikaumia, nikaanza kujitetea. Nikamwambia, Mama, yule mzee alishanichoka. Hata Jumamosi nimempeleka kwenye muziki, tumecheka vizuri, halafu akanifanyia hivi, tukatoka kabla sijaiona bendi niliyoifuata. Leo kwenye lori akanifanyia hivi tena. Nikatandaza kiganja changu mbele yake.

Mama Tabu akakikazia macho kiganja changu.

"Fanya tena."

Nikafanya.

"Nani alikwambia hiyo ni basi?"

Nikasema si inaonekana tu.

"Basi ni hivi," akapishanisha mikono kifuani kwa nguvu. "Hiyo uliyofanya si basi. Hiyo ni zote zinakwenda."

Sikuelewa. Akavuta kigoda changu, akakaa, akanieleza kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. Kila mfumaji alikuwa na mashine kadhaa za kuangalia. Ukifunga uzi huku, kule umekatika. Unakimbia zamu nzima. Lakini zipo dakika chache, pengine mara moja kwa siku, pengine siku nyingine hazipo kabisa, ambapo hakuna uzi uliokatika, mashine zako zote zinakwenda kwa pamoja, sakafu inatetemeka sawasawa chini ya miguu. Huna cha kukimbilia. Hapo unanyanyua kichwa, unamtafuta mwenzio kwa macho, unamtandazia kiganja.

"Si ishara ya kazi hiyo, mwanangu," akasema. "Haina la kufanya. Unamwonyesha mwenzio tu, kwamba hapa nilipo nimetulia, tazama na wewe. Baba yako alikuwa bahili nayo. Miaka yote ile alinifanyia mara za kuhesabika."

Kisha akauliza kama mimi aliwahi kunifanyia kabla ya juzi.

Nilikuwa nimesimama pale na sentimita ya kupimia nguo shingoni, kichwani naiona meza ya redio ya nyumbani. Mkono wake wa kushoto juu ya ubao, anauhisi mtetemo. Kichwa chini. Mkono wa kulia unainuka. Zote zinakwenda. Na mimi nanyoosha mkono, nazima. Anavuta kigoda, anakaa, ananitazama. Nilidhani anasubiri nitoe sauti ya mwisho ya manung'uniko. Kumbe alidhani nimezima ili tuongee. Alikuwa anangoja niseme.

Mara ngapi? Sijui. Nilizoea.

Na Jumamosi nilimtoa mtu ndani ya saa yake moja njema tangu geti lile lifungwe. Nikamtoa kwa kiwiko.

Na leo, lori likiwa bado limesimama, aliniambia hivyo mvuani. Labda aliniambia kwamba hana kinyongo, kwamba mambo yote yako sawa kati yetu. Nikamgeuzia mgongo.

Mama Tabu amekaa na mimi mpaka mvua ikapungua kidogo. Hakunibembeleza, wala sikutaka. Kabla hajabeba ungo wake nilimuuliza ishara ya "kaa" ikoje. Akafikiri sana. Akasema hawakuwa nayo. Mle ndani kila mtu alikuwa ameshakaa, hakuna aliyehitaji kuiomba. Halafu akaniuliza naijua ipi vizuri. Nikamwonyesha ile ya tatu, ya utotoni. Akaitikia kwa kichwa, akasema hiyo inatosha kabisa.

Lori la ndizi limeshateremka na mzigo jioni hii, linapanda tena kesho alfajiri. Nimeshaongea na dereva. Kibanda kitafungwa, wateja watanisamehe, na kama hawatanisamehe shauri yao. Wajomba nimewaambia naenda kumchukua, nao wamesema walikuwa wanashangaa nachelewa nini.

Sijui kama atakubali kurudi. Shamba lao liko juu, ngazi kwa ngazi, na mimi nitatokea chini njiani. Nikimwita hatasikia. Kwa hiyo sitaita. Nitasimama pale anapoweza kuniona, nitainua mikono juu ya kichwa, nitafunga vidole viwili kama ndoano, nitavivuta mpaka viachane.

Uzi umekatika, Baba.

Mama Tabu anasema mfumaji akiiona hiyo haulizi ni mashine ya nani wala nani aliukata. Anaacha yake, anakuja.